Makohozi Huoteshwa Kama Mbegu

Tumbaku huoteshwa kitaluni. Je, wajua kuwa vijidudu vya kifua kikuu navyo huoteshwa?

Maabara Kuu ya Kifua Kikuu iko Dar es Salaam. Katika maabara kama hiyo, makohozi huwekwa ndani ya kichupa chenye chakula kilichotengenezwa kwa mayai ya kuku. Kichupa hukaa katika joto la mwili wa mtu, nyuzi 37. Vijidudu huota polepole, majuma 3 hadi 8. Kisha hujaribiwa kwa dawa, ili ijulikane ipi inaviua.

Maabara hii ni ya watu wengi. Jina likikosewa, mzima atapewa dawa na mgonjwa atakosa. Uchafu ukiingia, vijidudu vingine huota haraka kama magugu. Kazi huharibika.

Wewe ufanye nini? Sukutua kinywa kwa maji safi. Nenda nje, mbali na watu. Vuta pumzi, kohoa kutoka kifuani. Mate hayafai. Funga kikopo vizuri. Hakikisha jina lako limeandikwa.

Ukikohoa majuma 2, nenda kituo cha afya. Usingoje kutema damu. Kifua kikuu kinatibika.