Masikio Mawili, Spika Mbili

Hapa Umoja nyumba nyingi hubana spika zote mbili pamoja juu ya kabati. Muziki ukikosa ladha, tunaongeza sauti mpaka jirani anagonga ukuta! Kosa si la redio. Masikio mawili hutambua mlio umetoka wapi kwa tofauti ndogo ya wakati na nguvu. Mwingereza Alan Blumlein aliitumia siri hiyo kubuni stirio mwaka 1931. Basi chora pembetatu ya pande sawa: spika mbili na kiti chako, mita 2 kila upande. Spika bapa nyingi hutoa sauti mbele na nyuma, kwa hivyo zisikae karibu na ukuta. Sebule ni ndogo? Punguza pembetatu. Fumba macho: mwimbaji yuko katikati, na jirani amelala.