SOMO LA ROBO HII: Tumtambue Kambale kwa Maumbile Yake, Si kwa Jina Tu

Katika toleo hili tunawaletea somo kwa ajili ya kamati za parokia zinazosimamia mabwawa ya samaki kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa wafadhili wanaochangia mabwawa hayo.

Katika bajeti ya mradi huandikwa neno moja tu: kambale. Wajaluo wa Mara na Kenya humwita mumi, na wataalamu humwita Clarias gariepinus. Huyu ndiye anayefaa kufugwa, maana hukua haraka na akiwa ziwani anaweza kufikia urefu wa mita 1.5. Lakini katika vinamasi vya ziwa hili wamo pia ndugu zake wadogo, kama Clarias alluaudi na Clarias liocephalus, ambao hata wakikomaa hawazidi sana sentimita 35. Kikundi kikipandikiza hao wadogo bila kujua, kitanunua chakula kwa miezi mingi, na siku ya mavuno kitatoa samaki wasiorudisha hata gharama. Kwa hiyo anayepokea mzigo kwa niaba ya kikundi ni lazima ajue kutazama mambo haya manne.

1. Ngozi na sharubu
Samaki wa jamii hii hawana magamba, na wana sharubu mdomoni. Hesabu sharubu. Kambale, mbofu na nembe wana jozi nne, yaani sharubu nane. Gogogo ana jozi tatu tu, na sharubu zake za taya la chini zina matawi kama vijizizi. Gogogo ana miba mikali mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Akishtuka huisimamisha na kuikaza, kwa hiyo asishikwe ovyo, hasa na watoto.

2. Mgongo na mkia
Pezi la mgongoni la kambale ni moja, refu na laini, linaloanza nyuma ya kichwa na kwenda karibu na mkia. Mkia wake ni wa mviringo. Mbofu ana pezi fupi la mgongoni, na nyuma yake pezi jingine refu la nyama tupu. Nembe ana mwili uliobanwa ubavuni na pezi dogo la mgongoni karibu na kichwa. Mbofu, nembe na gogogo wote wana mkia uliogawanyika kama panda. Ukiona mkia wa panda, huyo si kambale.

3. Kichwa na matamvua
Kichwa cha kambale ni kipana, bapa na kigumu kama ngao. Funua kifuniko cha matamvua: juu ya matamvua utaona kiungo chenye matawi kama kijiti kidogo. Kwa kiungo hicho kambale huvuta hewa ya kawaida, ndiyo maana huvumilia maji ya matope na huweza kukaa saa kadhaa nje ya maji akiwa na unyevu. Mbofu hana kiungo hicho, hivyo bwawa lenye maji mazito halimfai.

4. Kambale mkubwa na ndugu zake
Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu ndugu hawa wote wana sharubu nane na pezi refu. Pitisha kidole juu ya kichwa. Kambale mkubwa aliyekomaa ana kichwa chenye chembechembe za kukwaruza. Clarias liocephalus ana kichwa laini, na jina lake kwa Kigiriki lina maana hiyo hiyo. Kisha tazama upinde wa kwanza wa matamvua, penye vijino kama vya kitana. Kwa kambale mkubwa aliyekomaa vijino hivyo ni vingi, vyembamba na vimesongamana. Kwa ndugu zake wadogo ni vichache.

Tahadhari kuhusu vifaranga
Alama hizi za mwisho ni za samaki wakomavu. Kifaranga cha kambale mkubwa nacho kina kichwa laini, kwa hiyo kidole hakitoshi. Tunazishauri kamati zisipokee vifaranga vilivyozolewa kinamasini. Nendeni kwa mzalishaji, mwombeni awaonyeshe samaki wazazi, na mwakague wazazi hao kwa hatua hizi nne kabla ya kulipa. Ombeni pia Afisa Uvuvi wa wilaya aambatane nanyi.

Jambo moja zaidi: kwa kuwa kambale hana magamba, wapo Wakristo wasiomla kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Waulizeni majirani na wanunuzi mapema, kabla ya kuchimba bwawa.

Maswali ya kujadili katika kamati
(a) Katika mwalo wetu, jina "kambale" hutumika kwa samaki wangapi?
(b) Ni nani kati yetu atakayekagua wazazi wa vifaranga?
(c) Je, taarifa yetu kwa wafadhili inaeleza vifaranga vimetoka wapi na nani amevikagua?

Sadaka ya muumini na mchango wa mfadhili vyote huishia majini. Tuhakikishe vinamlisha samaki tuliyemkusudia.