Uchunguzi wa Vijijini: Funzo la Jobra

Mwaka 1976, Profesa Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, Bangladesh, alizungumza na mwanamke fundi wa vigoda vya mianzi katika kijiji jirani cha Jobra. Kwa kukosa taka 5 za kununulia mianzi, fundi huyo alikopa kwa mchuuzi, naye alilazimika kumwuzia vigoda vyote. Faida yake ilikuwa nusu taka tu kwa siku.

Je, walikuwapo wengine wa namna hiyo? Mwanafunzi wa chuo alitumwa kuwaorodhesha. Baada ya wiki moja yalipatikana majina 42; madeni yao yote yalikuwa taka 856, wastani wa taka 20 hivi kwa kila mtu. Ikadhihirika kwamba kilichokosekana si bidii wala ufundi, bali mtaji mdogo. Yunus aliwakopesha fedha hizo. Mradi uliofuata ukawa Benki ya Grameen mwaka 1983.

Hata hivyo, dawa nayo hupimwa. Majaribio ya nchi sita yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, kwa wastani, mikopo midogo haikuongeza sana mapato ya kaya. Basi mtafiti hana budi kuhesabu kabla ya kusaidia, na kuhesabu tena baadaye.