Kupoza Kompyuta kwa Maji: Mfano wa Somo la Joto

Madhumuni: Mwanafunzi aeleze jinsi maji yanavyosafirisha joto.

Maelezo: Katika kasha dogo la kompyuta lililoundwa nyumbani, pampu husukuma maji hadi kwenye bamba la shaba lililogusana na prosesa. Maji hupokea joto, hulipeleka kwenye rejeta, na feni hulitoa nje.

Jaribio: Tujaze maji ya moto katika makopo mawili yaliyo sawa. Moja tuliache mezani; la pili tulisimamishe katika beseni la maji baridi. Baada ya dakika 10 wanafunzi wapime kwa kipimajoto na kueleza tofauti waionayo.

Tahadhari: Fundi mwangalifu huendesha pampu peke yake kwa saa 24, akichunguza mvujo, kabla ya kuiwasha kompyuta. Nasi tuzijaribu zana zetu kabla ya kuingia darasani.