Kishindo cha Kwanza, Usikimbilie Dirishani

Asubuhi ya Agosti 7, 1998, watu waliokuwa katika ofisi za makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, Nairobi, walisikia milio ya risasi na mshindo wa guruneti nyuma ya ubalozi wa Marekani. Wengi walifanya lile ambalo karibu kila mtu hulifanya: waliinuka vitini wakaenda dirishani kuchungulia. Muda mfupi baadaye lori lililosheheni vilipuzi likalipuka. Jumba la Ufundi lililokuwa ubavuni mwa ubalozi likaporomoka, na vioo vya jengo la Co-operative Bank vikaruka vipande vipande. Nairobi walikufa watu 213, maelfu wakajeruhiwa, na wengi wa waliopoteza macho siku ile walikatwa na vioo vya madirisha waliyoyaendea wenyewe.

Kwa hiyo ukisikia risasi au mlipuko mjini, mpe kioo mgongo. Inama, ingia kwenye korido au nyuma ya ukuta usio na dirisha, kinga uso na shingo kwa mikono, kisha ukae hapo. Ukiona mwako mkubwa au moshi kwa mbali, usidhani umeshanusurika. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo wimbi la mlipuko wa umbali wa kilomita moja laweza kukufikia baada ya sekunde tatu hivi. Beirut, Agosti 4, 2020, watu walikuwa madirishani na kwenye roshani wakirekodi moto wa bandarini pale wimbi lilipowakuta simu zikiwa mikononi. Sekunde tatu zinatosha kulala chini.

Kishindo cha pili ndicho kinachosahaulika. Julai 11, 2010, mashabiki waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika klabu ya raga ya Kyadondo, Kampala, walipigwa na mlipuko mmoja, na wa pili ukafuata punde. Ukiweza kutembea, ondoka. Usipande kilima cha kifusi kutazama, usisimame kando ya magari yaliyoegeshwa, na usiokote begi la mtu. Piga 999 au 112 ukiwa Kenya, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Taja barabara na jengo linalojulikana, kisha uache laini.

Kama umeamua kubaki kusaidia, anza na damu. Anayepiga kelele angalau anapumua. Mtafute aliyenyamaza huku suruali ikilowa. Bonyeza kidonda kwa leso, shati au chochote safi kilicho karibu, kwa uzito wa mwili wako, bila kufunuafunua kuangalia. Mkono au mguu ukiendelea kuvuja sana, funga kitambaa kipana upana wa vidole vinne juu ya kidonda, upande wa kuelekea mwilini, pasipo kiungo. Tia kijiti imara kwenye fundo na usokote mpaka damu ikome. Itauma mno, naye atakuomba ulegeze. Usilegeze. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake. Mikanda ya suruali mingi ni migumu kusokota, hivyo kanga ni bora.

Jicho lina masharti yake. Usilisugue wala kulikandamiza, na usichomoe kigae kilichozama ndani. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kifunike jicho bila kuligusa, kibandike pembeni, na umwache mgonjwa ameketi. Zungumza naye kwa ishara pia: mlipuko hupasua ngoma za masikio, na mtu anayekutazama bila kujibu huenda hakusikii hata kidogo.

Kuna majeruhi asiye na jeraha. Ameweza kutembea, amejifuta vumbi, anataka kwenda zake nyumbani. Akianza kukohoa, kubanwa na kifua au kuhema, huenda wimbi limemuumiza mapafu, na hali hiyo yaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa. Mpeleke hospitali hata akikataa. Mwenye mikwaruzo tu, kwa upande mwingine, aende kliniki ya mbali kidogo. Mwaka 1998 matatu, teksi na pikapu za wasamaria ndizo zilizobeba watu wengi, jambo la kusifiwa, ila kila dereva alikuwa akielekea hospitali zile zile, na Hospitali ya Kenyatta ikazidiwa.

Kwenye kifusi, wazo la kwanza la umati huwa ni kupanda na kuchimba kwa mikono. Waokoaji huhitaji kimya kwa vipindi ili wasikie walio chini. Katika kifusi cha Ufundi mwanamke mmoja alisikika akiongea na waokoaji kwa siku kadhaa, akafariki kabla hawajamfikia. Askari wakisema nyamazeni, nyamaza na uzime injini. Nawe ukinaswa, funika pua kwa nguo, usiwashe kiberiti, na badala ya kupiga mayowe gonga bomba au ukuta mara tatu, pumzika, gonga tena.

Kumtafuta jamaa ni kazi ya watu wawili. Mmoja abaki nyumbani na simu, mwingine azunguke na picha ya karibuni na orodha ya nguo, makovu na meno. Tuma ujumbe mfupi, maana hupenya pale simu za sauti zinapokwama. Hospitalini usiulize jina peke yake. Aliyezimia huandikishwa kama asiyejulikana, basi omba kuonyeshwa hao pia. Mochari ikibidi, usikubali kuutambua mwili kwa uso uliovimba tu: omba alama za vidole, ambazo serikali inazo kwa kila mwenye kitambulisho, au kipimo cha DNA. Na video ya majeruhi uliyonayo ipeleke polisi. Mama wa mtu hapaswi kujua habari za mwanawe kwenye kundi la WhatsApp.

Damu nayo ina ratiba. Inayookoa watu siku ya kwanza ni ile iliyokwisha kuwa benki, na Kenya ilijifunza hilo kwa uchungu. Huduma ya taifa ya damu iliundwa baada ya mkasa wa 1998. Changia unapoitwa, kisha urudi baada ya miezi mitatu, au minne kwa wanawake, wakati foleni imekwisha.

Majeruhi aulize habari za sindano ya pepopunda, na akumbuke kwamba vigae vidogo hubaki chini ya ngozi hata miaka. Usingizi ukiendelea kukatika na moyo kushtuka kila mlango unapobamizwa, na mwezi umepita, amwone mshauri nasaha.

Lililobaki ni karatasi. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa mashambulizi kadhaa, yakiwemo ya Nairobi na Dar es Salaam, lakini Wakenya wengi waliokuwa wapita njia tu hawakupata kitu, na wangali wanadai. Anayedai baada ya miaka 20 huulizwa ushahidi kwamba alikuwepo. Wiki ile ile chukua abstrakti ya polisi na fomu ya P3, omba nakala ya faili la hospitali kabla halijapotea stoo, weka risiti za dawa, piga picha za majeraha zenye tarehe, na nakala moja ya kila kitu ikae kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.