Mwili Wangu na Jirani Yangu

Somo kwa waalimu wa sharika

Kwa habari ya Amri ya Tano Katekisimo Ndogo yatufundisha mambo mawili: tusimdhuru jirani katika mwili wake, tena tumsaidie katika kila haja ya mwili. Kuyakariri ni rahisi. Lakini serikali inapotunga sheria juu ya miili ya watu, ama kwa kuzuia magonjwa ama kwa habari ya mimba, watu hugawanyika mara. Huyu husema, “Mwili ni wangu.” Yule husema, “Uhai wa jirani u hatarini.” Basi tuchunguze shauri moja la Marekani, kwa kuwa lilianza na mchungaji wa Kilutheri, na hukumu yake yatajwa hata leo.

1. Mchungaji na dola 5

Tangu 1901 hata 1903 ndui iliushika mji wa Boston na miji ya kandokando yake; katika Boston peke yake walikufa watu 270. Mwezi wa Februari 1902 baraza la afya la mji wa Cambridge liliamuru kwamba wote ambao hawakuchanjwa kwa miaka mitano wachanjwe. Mtu mzima aliyekataa alitozwa faini ya dola 5. Mchungaji Henning Jacobson, mzaliwa wa Sweden, alikataa. Alisema kwamba chanjo ilimtesa sana alipokuwa mtoto, na mwanawe mmoja kadhalika. Wala hofu ya chanjo siku zile haikuwa ya bure kabisa, maana mwaka 1901, katika mji wa Camden, watoto waliochanjwa walikufa kwa pepopunda.

Shauri likapanda hata Mahakama ya Juu, na tarehe 20 Februari 1905 waamuzi 7 juu ya 2 wakalikata kinyume chake. Mwamuzi John Marshall Harlan alieleza kwamba uhuru si ruhusa ya kila mtu kufanya apendavyo ijapokuwa awadhuru wenziwe. Lakini aliiwekea serikali mipaka pia: isipite kadiri ya haja, isiamuru pasipo sababu, wala isimlazimishe mtu ambaye hali ya mwili wake yaonyesha kwamba chanjo itamwumiza. Tena sheria ile ilitoza faini tu, haikuamuru mtu ashikwe na kuchanjwa kwa nguvu.

Faida ya chanjo tumeiona sisi sote. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

2. Hukumu ile ilivyotumiwa baadaye

Mwaka 1927 mahakama ile ile iliamua shauri la Carrie Buck, msichana maskini wa Virginia. Alikuwa amezaa, na mwenyewe alieleza kwamba alinajisiwa. Lakini wakubwa walimhesabu kuwa ni mpungufu wa akili, wakataka afungwe uzazi. Mwamuzi Oliver Wendell Holmes, ambaye mwaka 1905 alikuwa miongoni mwa wale 7, aliandika kwamba neno lililoruhusu chanjo latosha kuruhusu na jambo hili. Carrie akapasuliwa mwaka ule ule. Binti yake, aliyedhaniwa kuwa mpungufu kama mamaye, alisoma vema shuleni kabla ya kufa mwaka 1932. Katika Marekani watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi kwa sheria za namna hiyo.

Mwaka 1973, katika shauri la Roe, mahakama ilisema kwamba mwanamke ana haki ya kuamua habari ya mimba yake, lakini si pasipo mpaka. Ikazitaja hukumu za 1905 na 1927 kuwa ushahidi wa mpaka huo. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, mahakama ya rufani iliitumia hukumu ya Jacobson kuruhusu Texas isimamishe kwa muda sehemu kubwa ya utoaji wa mimba. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliitangua hukumu ya Roe, ikawarudishia watunga sheria neno hilo.

3. Tujifunze nini?

Kwanza, neno jema laweza kuwa silaha mbaya likiondolewa mipaka yake. Jacobson aliombwa kubeba mzigo mdogo, sawa na jirani zake wote, kwa ajili ya hatari iliyoonekana. Carrie alitwikwa mzigo wa maisha yake yote, peke yake, kwa ajili ya hatari iliyodhaniwa tu. Mambo haya mawili hayalingani kamwe.

Pili, hukumu ya 1905 haiwezi kumaliza ugomvi wa mimba, kwa kuwa hapo watu hawapatani jirani ni nani. Wengine hutaja mtoto aliye tumboni. Wengine hutaja mwanamke ambaye mwili wake ndio uchukuao yote. Sisi tuungamao kwamba Mungu ndiye aumbaye tumboni hatuwezi kumsahau mtoto. Lakini akimtaja mtoto, mtu asimpite mama. Usharika ukimwambia msichana, “Usitoe mimba,” kisha ukamfukuza, ukamwacha bila chakula wala mkunga, umemtwika mzigo usiotaka kuugusa hata kwa kidole.

Maswali kwa mafundisho

Kila isikiwapo amri juu ya miili ya watu, tuulize: Je, hatari kwa jirani ni ya kweli, au ni ya kudhaniwa? Je, mzigo wapita kadiri ya haja? Je, twaubeba sote, au tumemtupia mnyonge? Na swali la mwisho ni letu wenyewe: katika usharika huu, ni nani leo achukuaye mzigo peke yake, na sisi tumempelekea nini?