Somo la Wiki: Mgongo Unaouma Hata Baada ya Upasuaji

Maandiko: Mwanzo 32:22-32, Luka 13:10-17, 2 Wakorintho 12:7-10

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome maandiko hayo matatu, kwa sababu sitayanakili hapa.

Wengi wenu mnakumbuka ushuhuda wangu. Miezi miwili baada ya kupasuliwa mgongo Nairobi nilisimama madhabahuni, nikarukaruka, nikasema Mungu ameniponya na dawa nimezitupa. Vigelegele vikajaa kanisani. Sikudanganya, siku ile kweli sikuwa na maumivu. Lakini mwezi wa tano yalirudi, yakishuka kutoka kiunoni mpaka kisigino kama mtu aliyeshikwa na stima. Nikanyamaza. Mtu aliyeshuhudia vile anarudije mbele kuombewa kitu kile kile? Nikawa nachelewa ibada makusudi ili nikae nyuma kabisa, na wakati wa sifa naegemea ukuta.

Ningeendelea kunyamaza kama si ndugu mmoja, ambaye ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Yeye pia ana shida ya mgongo. Siku ya ushuhuda wangu alienda nyumbani akatupa dawa zake, akaacha kwenda kliniki Garissa. Baadaye mguu ukaanza kuburuta, na kwa wiki tatu hakumwambia mtu. Leo anatembea akiwa amefungwa kifaa cha kuushikilia mguu. Sisemi ni maneno yangu peke yake yaliyomfikisha hapo. Lakini yalichangia, nami nimemwomba msamaha. Ndiyo sababu nimeomba nafasi ya somo hili.

Wacha nieleze jinsi daktari alivyonieleza. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna diski, kama mto mdogo. Ikitokeza nje inabana neva inayoshuka mguuni. Daktari akipasua, anaondoa kile kinachobana. Lakini neva iliyobanwa muda mrefu inaweza kuwa imeshaumia yenyewe, na neva haiponi haraka kama ngozi. Tena kovu linaweza kuota ndani, karibu na neva. Diski ile ile au ya jirani inaweza kutokeza tena. Na misuli iliyolala kwa miezi inakuwa dhaifu. Kwa hiyo mtu anaweza kupasuliwa vizuri kabisa, picha ikaonyesha kila kitu kiko sawa, na bado aumie. Hesabu ambayo madaktari hutaja sana ni kwamba katika watu 100 waliopasuliwa uti wa mgongo, kati ya 10 na 40 hubaki na maumivu. Niliposikia hivyo nililia. Kumbe sikuwa peke yangu!

Kwa miaka mingi madaktari waliiita hali hii kwa jina la Kiingereza lenye neno "kushindwa" ndani yake. Siku hizi baadhi yao wameliacha, maana lilionekana kama kumlaumu mgonjwa au aliyempasua. Sisi kanisani tuna jina letu la namna hiyo. Tunaliita "imani haba."

Sasa turudi kwenye Neno. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na jibu alilopata likawa neema, mwiba ukabaki. Huyu ndiye Paulo ambaye vitambaa vyake viliwaponya wagonjwa kule Efeso (Matendo 19:11-12). Na bado alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hakumkemea Trofimo wala hakuandika kwamba imani yake ilipungua. Yakobo naye alibarikiwa na kuteguka nyonga usiku ule ule, na kulipokucha akaondoka akichechemea. Waebrania 11:21 inamwonyesha mzee akiabudu huku ameegemea fimbo. Biblia haisemi kama ni nyonga ile, lakini mimi kila nikishika fimbo yangu namfikiria.

Mtu ataniuliza, na yule mama wa Luka 13? Si alinyooshwa papo hapo? Ndio, na ninaamini Yesu anaponya hata leo, sijaacha kuomba. Lakini angalia jinsi alivyotendewa. Miaka 18 mgongo umepinda, na bado alikuwa sinagogi. Yesu ndiye aliyemwita, na hatusomi kwamba alimhoji kwanza kuhusu imani yake. Kisha akawauliza wakubwa, nani kati yenu hamfungui punda wake siku ya Sabato ampeleke kunywa maji? Hapa Liboi punda tunawaona kila siku na mikokoteni ya maji. Punda akichoka tunampumzisha. Mshirika akiumwa tunamwambia asimame sifa zote sita!

Kwa hiyo nawaomba wahudumu waweke viti vichache vyenye mgongo karibu na mlango, na anayekaa wakati wengine wamesimama asitazamwe vibaya. Kwenye kesha aruhusiwe kulala kwenye mkeka. Ukifunga, muulize muuguzi kwanza, kwa sababu dawa kama ibuprofeni huumiza tumbo likiwa tupu, na zile za neva haziachwi ghafla. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 mkononi, kwa hiyo vijana, tusaidieni kubeba. Kulala siku nzima pia hakusaidii. Mtaalamu wa mazoezi alinianzisha na dakika 5 za kutembea; sasa natembea 30 alfajiri, kabla jua halijachoma. Na ukisafiri kwenda Garissa, mwombe dereva asimame Dadaab ushuke ujinyooshe. Barabara yetu mnaijua.

Kuna dalili ambazo hazingoji Jumapili. Ukishindwa kukojoa, au mkojo au choo kikitoka bila wewe kujua, au ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, au mguu ukipoteza nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Neva ikibanwa hivyo, kuchelewa kunaweza kukuacha na ulemavu. Vivyo hivyo kidonda cha upasuaji kikitoa usaha au ukipata homa. Sisi tutaanza kuomba ukiwa bado ndani ya gari.

Dawa zangu nimezirudia, na daktari anajua. Ndugu yangu wa mguu amerudi kliniki. Jumapili hii pasta akiita wagonjwa nitakuja mbele tena, na mgongo ule ule, na yeye amesema tutakuja pamoja.